Sange, Chui na Laptopu Iliyotaka Kulaliwa

Paukwa!

— Pakawa!

Mlango umefungwa?

— Umefungwa!

Aliye ndani?

— Yumo!

Aliye nje?

— Hatumjui!

Basi kama hatumjui, asitusumbue. Mhogo endeleeni kumenya, masikio nipeni mimi. Mwatime, kaa hapo hapo ubavuni kwa mama yako, na ukiogopa usinishike mimi, mshike yeye. Mvua hii haina haraka, na mimi pia sina.

Hapo kale, lakini si kale sana, maana laptopu zilikuwa zimeshakuja, palikuwa na msitu, na katikati ya msitu palikuwa na nyumba ya bati. Humo alikaa mtafiti mmoja, mwanamke wa miwani, kazi yake kurekodi sauti za wanyama. Ndege akilia, anarekodi. Paa akimwita mwanawe, anarekodi. Hakumdhuru kiumbe yeyote. Siku moja hakuonekana tena, na chai yake ilibaki mezani ikaota ukungu. Wengine walisema amerudi kwao. Wengine hawakusema kitu, walimtazama tu Chui.

Chui akahamia nyumba ile. Mezani akaikuta laptopu ya yule mwanamke, nyembamba, nyepesi, inang'aa kama sahani ya harusi. Waya wake ulipanda mpaka juu ya bati penye sola, na huo ndio ulikuwa mrija wake wa kunywea jua. Chui akaigusa kwa ukucha. Ti! Ikawaka. Akaigusa tena. Ti! Ikaita kwa sauti ya Mama Paa: "Mheee! Wanangu, mheee!"

Chui aliruka nyuma manyoya yakiwa wima. Mama Paa huyo Chui mwenyewe alikuwa amemla mwezi uliopita, na pembe zake zilikuwa pale pale mlangoni.

Akakaa, akafikiri. Na Chui akifikiri, jamani, kuna mtu atalia.

Kesho yake, jua la utosi, saa ambayo hata nyuki hunyamaza, Chui aliibeba laptopu kwa meno, akaificha chini ya majani makavu, akalala nyuma yake. Ti! "Wanangu, mheee!" Watoto wa Paa wakainua vichwa. Ni mama! Wakakimbia. Hawakurudi.

Siku ya pili ikaita sauti ya Mama Ngiri. Watoto wa Ngiri wakakimbia. Hawakurudi.

Siku ya tatu ikaita sauti ya Mama Kanga. Watoto wa Kanga wakakimbia. Hawakurudi.

Msitu ukaingiwa na woga ambao haujawahi kuwapo. Maana maiti kunyamaza tumezoea. Maiti akikuita kwa jina mchana kweupe, na jua linawaka, utakimbilia kwa nani?

Sasa, katika msitu huo alikuwepo Sange. Mnamjua Sange? Mnyama mdogo, mwili wa panya, pua ndefu kama mrija wa soda, miguu myembamba ya kukimbilia. Sange ana desturi moja: kila alfajiri anafagia njia zake. Jani hili, pembeni. Kijiti hiki, pembeni. Haingii mahali popote kabla hajafagia njia ya kutokea. Na Sange akitaka kumwita mwenzake hapigi kelele, anapiga mguu chini: tu-tu-tu. Mumewe alikuwa na mguu mmoja mbovu, kwa hiyo mdundo wake wa mwisho ulichelewa kidogo: tu-tu-tu... tu. Huyo mume Chui alimla wakati wa vuli. Sange akabaki na binti mmoja tu, Kidawa.

Mchana mmoja wako njiani wanafagia, wakasikia kichakani: tu-tu-tu... tu.

"Baba!" Kidawa akasema. "Mama, baba karudi!"

Kidawa huyoo, mbio. Sange akamdaka mkia kwa meno. Naye mwenyewe, nitawaficha nini, moyo ulimruka. Alitaka iwe kweli. Alitaka mpaka macho yakamwasha.

Tu-tu-tu... tu.

Sange akaweka mguu chini, akangoja. Mumewe alipokuwa akipiga, ardhi ilikuwa ikitikisika mpaka kwenye nyayo zake. Leo masikio yalisikia, nyayo hazikusikia kitu. Ardhi ilikuwa kimya kabisa.

"Huyo si baba," akanong'ona. "Huyo hana miguu."

Wakatambaa mpaka karibu. Wakaona kitu chembamba kinachong'aa chini ya majani, na nyuma yake macho mawili ya njano yanangoja. Kidawa akakesha usiku huo. Kulipopambazuka akasema, "Mama, najua si yeye. Lakini akiniita tena, nitakwenda." Mmesikia mtoto huyo? Hakusema huenda. Alisema nitakwenda.

Sange alimfungia shimoni kwa jiwe, akaenda nyumba ya bati. Kwanza alizunguka nyuma, akachimba kitundu chini ya ukuta, akafagia njia yake vizuri. Halafu akaja mbele, mlangoni, kama mgeni.

"Hodi, bwana mkubwa. Shikamoo."

"Marahaba. Kijipua wewe, umekuja kuliwa?"

"Nimekuja kukagua."

"Kukagua nini?"

"Chombo chako, bwana mkubwa. Msitu mzima unakisifu, lakini nani amekikagua? Chombo kisichokaguliwa kitakufia mkononi. Sifa moja nitaweka jani. Kasoro moja nitaweka jiwe."

Chui akacheka, grrr-ha, grrr-ha. Lakini mwenye mali anapenda kusifiwa mali yake. "Anza na majani," akasema.

Sange akapanda mezani. Akainusa laptopu juu, akainusa chini.

"Ni nyembamba, inajificha chini ya jani moja. Sifa hiyo?"

"Sifa hiyo!"

"Jani. Ni nyepesi, unaibeba kwa meno na shingo haiumi. Sifa hiyo?"

"Sifa hiyo!"

"Jani. Sauti yake safi, hata mjane anadanganyika. Sifa hiyo?"

"Sifa hiyo, grrr!"

"Jani," akasema Sange. "Ikishiba jua asubuhi, inafanya kazi mpaka jioni. Jani. Haina feni, haivumi, mawindo hayaisikii. Jani."

Majani matano. Chui alijaa raha.

"Sasa mawe," akasema Sange. "Vitufe vyake vimelala sana, kiganja chako kimoja kinabonyeza vinne. Jiwe. Kioo chake juani kinakuonyesha wewe badala ya kazi. Jiwe. Mwili wake haufunguki, kikifa kimoja kimekufa chote. Jiwe. Tundu lake ni moja tu, la kulia jua hilo hilo, la kila kitu hilo hilo. Sisi wachimbaji, nyumba ya tundu moja tunaiita kaburi. Jiwe."

"Mbona mawe yanakaribia majani?" Chui akanguruma.

"Na kubwa kuliko yote," Sange akasema, akaliondoa lile jani la kwanza, akaweka jiwe mahali pake. "Ni nyembamba mno. Bwana mkubwa, umewahi kuona kitu kizima chembamba hivi? Huyu hajazaa. Hajalaliwa."

"Laptopu inazaa?"

"Ulidhani zinaota mtini? Ni kama kuku na yai, yataka joto tu. Ilalie kwa tumbo, iwe inakula jua, usiipe upenyo wa upepo. Siku tatu. Utapata nyingine, na hiyo nyingine nayo itazaa. Utaita msitu huu kwa upande huu, na msitu wa pili kwa upande ule."

Chui alikuwa na nyama mpaka ya kuozea. Angeweza kutosheka. Lakini aliposikia msitu wa pili, mate yakamchuruzika mpaka sakafuni.

"Nitailalia. Na wewe utakaa hapa mbele yangu. Isipozaa, wewe ndiye chakula cha mzazi."

"Sawa, bwana mkubwa. Ila niamshe sauti zilizomo, zimwimbie mtoto."

Akakimbia juu ya vitufe kwa vidole vyake, ti-ti-ti-ti, mpaka akaipata ile aliyoitafuta. Tu-tu-tu... tu. Akaisikiliza mpaka mwisho, mara moja. Hakuna kitu kingine cha mumewe kilichobaki duniani, hata unyoya. Angeirudia. Hakuirudia. Alizifungulia sauti zote pamoja, zizunguke bila kukoma, akashuka mezani.

Chui akaiweka laptopu sakafuni, waya wake ukiwa umechomekwa, akatandika majani juu yake, akalala kifudifudi kukingama mlango. Mlango wenyewe ulikuwa mmoja tu.

Siku ya kwanza: "Sange, inapata joto!"

"Ndiyo kulea huko, bwana mkubwa. Mlalie."

Siku ya pili: "Sange, inanenepa! Inanisukuma tumbo!"

"Ameshika mimba. Mlalie."

Na chini ya tumbo sauti zilikuwa zikiita, mchana kutwa, wanangu mheee, na ngiri akikoroma, na kanga, na mara moja moja mwanamke wa miwani akitaja tarehe kwa upole. Mwatime, usizibe masikio, tunakaribia mwisho.

Siku ya tatu, jua la utosi, Chui alikuwa na njaa na macho yamemtoka.

"Sange."

"Labeka."

"Hizi sauti zinatoka wapi?"

"Chini yako, bwana mkubwa."

"Mbona nazisikia ndani yangu?"

Sange akamjibu polepole. "Kwani wewe uliziweka wapi?"

Chui akajisikiliza. Tumbo likasema: wanangu, mheee. Tumbo likasema: tu-tu-tu... tu. Kwa mara ya kwanza maishani mwake Chui aliogopa, na hakujua pa kukimbilia, maana tumbo huendi ukaliacha mahali.

Kisha: ssssss.

"Inalia!" Chui akapiga kelele. "Mtoto anatoka!"

"Mkumbatie!" akasema Sange, naye akachomoka kwa njia yake aliyoifagia, chini ya ukuta, pua mbele mkia nyuma.

Puuu!

Moto ulitoka, na moshi mweusi unaonuka uchungu. Chui alitoka na mlango shingoni, tumbo linaungua, akakimbilia kinamasini, chwaaa! Akaishi. Lakini tumbo halikunyamaza. Akilala chini, tu-tu-tu. Akinyata kuwinda, mheee. Ndiyo maana mpaka leo Chui hulala juu ya tawi, miguu ikining'inia: hataki tumbo liguse ardhi. Akahama msitu ule, na kule alikohamia sikwambieni ni wapi, msije mkakosa usingizi.

Na mmeliona lile jani la feni? Lile halikuwa jani. Lile lilikuwa jiwe, maana kisicho na feni hakijipozi, na Sange alijua tangu alipoinusa laptopu.

Sange akarudi kwake, akasukuma jiwe la mlangoni. Kidawa akatoka.

"Baba hataniita tena?"

"Hatakuita tena. Nimemchoma mimi."

Mtoto akalia, na mama akalia, hawakufichana. Walipomaliza Kidawa akainua mguu, akapiga chini: tu-tu-tu. Akasita kidogo, halafu: tu. Na ardhi ikatikisika. Sange akaisikia mpaka kwenye nyayo.

Hadithi yangu nimeifagia mpaka mlangoni. Iliyobaki ndani ni vumbi lenu wenyewe.

Mnataka fundisho? Lipo, tena zuri. Kwanza, laptopu nyembamba ni chombo bora kabisa, ukipata isiyo na feni usiulize mara mbili. Pili, mtu mdogo mwenye maneno mengi akija kukukagulia mali yako, mwamini. Na tatu ni la nyinyi watoto: mzazi akikuita, itika mara moja na ukimbie, usianze kuchunguza ni nani.

Haya, chukueni sufuria, mhogo uwekwe motoni. Mwatime, unakwenda wapi?

Mama yako anakuita huko nje?

Mwatime. Mama yako si huyu hapa, kisu cha mhogo mkononi? Rudi. Usiitike. Weka mguu chini kwanza, mwanangu, uniambie kama ardhi inatikisika. Na nyinyi wengine, nani aliniambia ule mlango umefungwa?