Video ya Ndiga Isiyo na Mwenyewe

Paukwa?

Pakawa.

Masikio yapo?

Yapo.

Na mioyo je?

Ipo.

Basi ishikeni hiyo mioyo kwa mikono miwili. Mimi nilipoisikia hadithi hii mara ya kwanza nilikuwa na sufuria mkononi, na sufuria ilianguka.

Hapo zamani, zamani isiyo ya mbali sana, wanyama wa msituni walikuwa na simu. Msicheke, walikuwa nazo. Mwenye vidole alibonyeza kwa kidole. Mwenye kwato alibonyeza kwa ulimi. Mwenye mdomo mgumu kama Kanga alidonoa. Walirekodi ngoma zao, wakarekodi watoto wao wakijifunza kutembea, wakatumiana, wakacheka, siku zikapita.

Mwaka mmoja mvua haikunyesha. Nyasi zikakauka. Matunda yakadondoka yakiwa mabichi. Wanyama wakakonda mpaka mbavu zikahesabika. Chini ya ardhi kilibaki kitu kimoja tu, ndiga.

Ndiga ni kiazi cha porini. Ukikitazama utasema ni kiazi kama viazi vingine, lakini ndani yake mna sumu. Asiyeijua ndiga akiila hulewa, hutapika, hulala, na asipopata wa kumtibu haamki. Anayeijua huitoa ile sumu, akala, akashiba, akalala usingizi wa kawaida.

Katika msitu mzima aliyeijua ndiga alikuwa mmoja, Nungunungu, mama mtu mzima aliyekaa Korongo la Chini. Alifundishwa na mama yake. Mama yake naye alifundishwa na mama yake.

Nungunungu akaona wenzake wanakufa njaa juu ya chakula. Akasema moyoni kwamba miguu yake ni mifupi, hawezi kumfikia kila mmoja. Akaegemeza simu kwenye jiwe, akarekodi video.

Akaanza hivi: "Mimi ni Nungunungu wa Korongo la Chini. Kazi hii nimefundishwa na mama yangu. Ukikwama popote, njoo uniulize."

Kisha akachimba ndiga, akamenya, akakata vipande vyembamba. Hapo ilionekana mikono yake tu. Kisha akaenda mtoni, akasimama katikati ya maji, miba yake yote inaonekana, akatumbukiza kikapu cha vipande vile.

Akasema: "Hapa vikae siku saba, maji yakipita juu yake. Usipunguze hata siku moja."

Mwisho ikaonekana vipande viko chunguni, vinachemka, na mkono mmoja unakoroga.

Akaiweka video ile watu waione. Lakini Nungunungu alikuwa na wafuasi watatu tu: konokono wawili, na kobe mmoja ambaye simu yake haikuwa na chaji.

Sasa, palikuwa na Ngedere. Ngedere alikaa juu mitini, akicheza na kuchekesha, na msitu mzima ulimfuata. Wiki ile Ngedere alikuwa hana jipya. Amecheza, amebinuka, amejifanya ameanguka, watu wamechoka. Ndipo akaiona video ya Nungunungu.

Akasema, hii itanirudisha. Watu wana njaa, na hiki ni chakula. Ila nikiituma kama ilivyo, watamfuata Nungunungu, mimi nitabaki na mkia wangu.

Akakata mwanzo, pale penye jina.

Akaitazama tena. Mbona pale mtoni miba bado inaonekana? Mtu akiiona ile miba atajua ni nani. Akakata na mto wote.

Je, alisikia zile siku saba? Sauti ilimpitia sikioni, lakini akili yake ilikuwa kwenye miba. Alikuwa anatafuta Nungunungu anaonekana wapi, basi.

Haya, niambieni. Ngedere amekata nini?

Amekata jina.

Na nini kingine?

Amekata mto.

Amekata mto. Video ikabaki mikono inachimba, mikono inamenya, mikono inakata, na papo hapo chungu kinachemka. Juu yake akaandika kwamba ni chakula cha Ngedere. Jua halijazama, msitu mzima ulikuwa unamsifu.

Kanga akaiona, akaipenda. Akaichukua, akafunika jina la Ngedere kwa maua mekundu, akaituma kama yake. Mwizi naye akaibiwa. Nguchiro akaiona kwa Kanga. Akaichukua, akaweka ngoma nyuma yake, akaituma kama yake.

Asubuhi Nungunungu akafungua simu, akaiona kazi yake kwa Ngedere. Hakulilia jina. Alipofika penye mto na kuona hapana mto, ndipo miba ilipomsimama. Akamwandikia Ngedere pale pale chini ya video. Ngedere akasoma maneno ya mwanzo, "Ndugu Ngedere, kazi hii ni yangu," akasema huyu ana wivu, akayafuta bila kufika mwisho.

Nungunungu akasubiri jibu, halikuja. Akaiacha simu, akachukua fimbo, akaanza kutembea kwa miguu yake mifupi, mlango hadi mlango, akiwaambia wenzake wasile.

Lakini mwisho kabisa wa msitu, mbali na Korongo la Chini, alikaa Mama Digidigi na watoto wake watatu. Watoto walikuwa hawajatia kitu tumboni siku ya tatu. Mama Digidigi aliiona video kwa Nguchiro, akamshukuru Mungu. Asubuhi na mapema akachimba, akamenya, akakata, akachemsha. Hakula hata kipande. Aliwagawia wanawe chote, akakaa akiwatazama wanavyotafuna, na furaha ikamjaa.

Wakashiba. Wakalewa. Wakatapika. Wakalala.

Mama Digidigi akaita wa kwanza, kimya. Akaita wa pili, kimya. Akaita wa tatu, yule mdogo ambaye huamka hata jani likianguka, kimya.

Jamani, mama yule alishika kichwa. Mikono yake ilikuwa bado na harufu ya chakula alichowapikia.

Akasema, aliyeionyesha kazi hii ndiye anayejua dawa yake. Akawaacha wanawe kwa shangazi yao, akakimbia mpaka kwa Nguchiro, akiimba:

Mwenye kazi, mwenye kazi,
u wapi nikufuate?
Wanangu watatu wamelala,
nawaita hawaamki.

Nguchiro akatoa kichwa kwenye kichuguu. Aliposikia, akarudi nyuma hatua mbili. Akasema video si yake, ameitoa kwa Kanga, na ndiga yenyewe hajawahi hata kuinusa.

"Mimi nilituma tu, dada," akasema. "Kutuma si kupika."

Mama Digidigi akakimbia mpaka kwa Kanga:

Mwenye kazi, mwenye kazi,
u wapi nikufuate?
Wanangu watatu wamelala,
nawaita hawaamki.

Kanga alidhani shoga yake amekuja kumpongeza, akaanza kueleza jinsi alivyoyachagua yale maua. Aliposikia habari ya watoto, akayaacha maua. Akasema video si yake, ameitoa kwa Ngedere.

"Mimi niliweka maua tu, shoga yangu."

Mama Digidigi akakimbia tena. Jua lilikuwa limepita utosi, na kila mlango aliogonga ulikuwa unakula muda wa wanawe. Akafika kwenye mti wa Ngedere:

Mwenye kazi, mwenye kazi,
u wapi nikufuate?
Wanangu watatu wamelala,
nawaita hawaamki.

Chini ya mti palikuwa na umati. Wamekuja kumwona bingwa wa ndiga, kila mmoja na furushi lake la ndiga. Nguruwe mwitu alikuwa na ndiga mdomoni, anataka Ngedere amwambie iive kiasi gani.

Mama Digidigi akaeleza yaliyompata. Ngedere akatazama chini, akaona macho ya watu wote yako kwake. Akasema wapewe maji. Mama akasema amewapa, wameyarudisha. Ngedere akasema wapepewe. Mama akasema shangazi yao anawapepea tangu asubuhi. Ngedere akasema wataamka wenyewe jioni.

Hapo Mama Digidigi akasogea mpaka kwenye shina.

"Kaka Ngedere, wewe ukila ndiga ukaugua, nani alikutibu, na kwa dawa gani?"

Ngedere alikuwa hajawahi kula ndiga. Alikuwa hajawahi hata kuishika.

Fikirieni pale alipo. Akisema kweli, jina lake linaanguka mbele ya msitu mzima. Asiposema, watoto watatu hawaamki. Na mnajua alifanya nini? Alinyamaza. Alinyamaza muda wa mtu kuchota maji na kurudi, akipima jina lake na watoto wa mwenzake. Mimi hapo ndipo nilipoangusha sufuria.

Kisha akashuka. Tawi kwa tawi, akashuka mpaka chini, ambako hakuzoea kukanyaga.

"Si yangu," akasema. "Ni ya Nungunungu wa Korongo la Chini. Nilikata jina lake."

"Ulikata na nini kingine?" akauliza Mama Digidigi.

"Mto. Vipande vinakaa mtoni siku saba. Nilikata kwa sababu alikuwa anaonekana."

Ndiga ikamdondoka Nguruwe mdomoni yenyewe. Watu wakatazamana, kisha wakatazama mafurushi yao ya ndiga kama mtu anayegundua amebeba nyoka.

Wakakimbia kuelekea Korongo la Chini, Mama Digidigi mbele, Ngedere nyuma. Hawakufika mbali. Walimkuta Nungunungu njiani, vumbi hadi magotini, fimbo mkononi. Tangu asubuhi alikuwa anagonga milango. Kila aliyemgongea alikuwa amesalimika. Alikuwa amebakiza milango mitatu kufika kwa Mama Digidigi.

Mama Digidigi akapiga magoti. "Mama, wanangu."

"Wamekula lini?"

"Asubuhi."

Nungunungu akaangalia jua. Akatazama miguu yake, akamtazama Ngedere, akamwambia aruke akamletee dawa fulani juu ya mti fulani, na asisimame hata kujikuna njiani. Ngedere akaruka kama hajawahi kuruka, akaileta.

Wakafika. Nungunungu akatwanga, akakamua, akamnywesha wa kwanza. Wa kwanza akakohoa, akafumbua macho.

Akamnywesha wa pili. Wa pili akakohoa, akamwita mama.

Akamnywesha wa tatu, yule mdogo. Dawa ikatoka pembeni mwa mdomo. Akamnywesha tena. Ikatoka tena. Nungunungu akaweka kikombe chini.

Wa tatu hakuamka.

Nguchiro, yule aliyetuma tu, alikuwepo. Kanga, yule aliyeweka maua tu, alikuwepo. Walikaa wameinama kama waliomwagiwa maji.

Mama Digidigi akamlaza mwanawe, akamfunika. Akaenda mpaka mbele ya Ngedere. Watu walidhani atampiga. Hakumpiga. Akamwekea simu mkononi.

"Rudisha jina la mama huyu," akasema. "Rudisha na mto."

Ngedere akaituma video nzima, na jina mwanzoni. Kanga akaituma, hakuweka ua. Nguchiro akaituma, hakuweka ngoma. Siku hiyo msitu wote ukajua ndiga ni kazi ya nani, na baada ya siku saba msitu wote ukala. Mtoto mmoja tu hakula.

Ndiyo maana mpaka leo mkimtazama digidigi mtaona alama nyeusi chini ya jicho lake, njia aliyopita chozi. Na ngedere akisikia watu wanakuja, huruka mti hadi mti. Anaogopa ataulizwa.

Basi, wenzangu, fundisho ni hili. Ukipenda kazi ya mtu, itume, lakini itume na mwenyewe. Andika jina lake, sema umeitoa wapi, usikate mwanzo wala mwisho. Jina la mtu kwenye kazi yake si pambo. Ni mlango, na siku kazi ikikushinda utautafuta ukagonge. Na usiseme wewe umetuma tu. Nguchiro naye alisema hivyo.

Hadithi hii sikuitunga mimi. Nimesimuliwa na shangazi yangu Somoe, tukiwa tunamenya mihogo nyuma ya nyumba yake, mimi nimeshika sufuria, na yeye alisimuliwa na Bi Nantende, jirani yake wa zamani. Kesho mkienda kuisimulia, anzeni na Bi Nantende, mje kwa Somoe, ndipo mfike kwangu.

Mwenye kuisikia ameisikia. Naiweka hapa na wenyewe wake wote. Aokotaye asiache mtu nyuma.