Mchumba Aliyeulizwa Utoto Wake

Sogeeni, wanangu, ila fungeni mlango kwanza.

Hapo kale zimwi lilijigeuza kijana mtanashati, likaenda kumposa binti aliyeitwa Mashavu. Shangazi yake, Bi Mwanamvua, akalitazama kwa jicho la pembeni. "Ulipokuwa mdogo ulikuwaje, baba?"

Zimwi halikuwahi kuwa dogo. Likaaga, likakimbilia kwa chura, likarudi. "Nilikuwa na mkia, nikiishi majini, kisha nikaota miguu."

"Mh! Huyo ni chura. Wewe ulikuwaje?"

Likakimbilia kwa kipepeo, likarudi. "Nilikuwa kiwavi, nikajifungia, nikatoka na mbawa."

"Mh! Huyo ni kipepeo. Wewe ulikuwaje?"

Likakimbilia kwa mbuzi, likarudi likichekelea. "Nilizaliwa na mama, nikanyonya."

Vigelegele vikapigwa. Mashavu akatabasamu. Shangazi akauliza taratibu, "Na kitovu chako kilipokatika, walikizika wapi?"

"Kukizika?" Zimwi likashangaa. "Si mama alikitafuna!"

Shangazi akanyakua mchi. Zimwi likatoka mbio, na mpaka leo linavizia mazungumzo ya watu, lijue la kujibu.

Haya, wewe uliyekaa kule nyuma, sikukuona ukiingia. Kitovu chako kilizikwa wapi?