Fisi Alivyoikalia Kamba ya Chama

Hadithi!
— Ije!
Imechoka!
— Ije hivyo hivyo!
Na mimi nimechoka!
— Kaa chini utusimulie!

Haya, nimekaa. Nimeshinda mkutanoni tangu asubuhi, kiuno kinauma, na nyinyi mnataka ngano. Sikilizeni basi. Na wewe uliye nyuma, tafuna huo muwa polepole.

Hapo kale wanyama wa bondeni walikuwa na chama chao cha kuokoana. Wawindaji walikuwa wamechimba mashimo kila mahali, na haipiti wiki mnyama hajatumbukia. Chama kilikuwa na vitu viwili tu: kamba moja ya mkonge, na lengo. Lengo lilichorwa kwenye gome la mti, nalo lilikuwa fupi: Aliyetumbukia atolewe. Basi mnyama akitumbukia, puu! wenzake wanakuja, wanashusha kamba, wanavuta, he-eya! he-eya! anatoka, anakwenda zake. Hakuna hotuba.

Mwenyekiti alikuwa Fisi. Walimchagua kwa sababu siku ya uchaguzi kila mmoja alikuwa na haraka ya kurudi nyumbani. Katibu alikuwa Sange, yule mdogo kama panya, mwenye pua ndefu isiyotulia.

Siku moja mtoto wa Mama Digidigi akatumbukia. Puu! Wanyama wakaja mbio kuchukua kamba. Wakamkuta Mwenyekiti ameikalia.

"Ndugu wanachama," akasema Fisi, "lengo letu limepitwa na wakati. Tunamwokoa mnyama, halafu anakwenda zake! Chama kinapata nini? Nasimamisha kazi zote mpaka tuwe na lengo jipya."

"Mheshimiwa, mtoto wangu yuko shimoni," Mama Digidigi akasema.

"Tutamtoa kwa lengo lipi, mama? La zamani limesimamishwa. Jipya halijapita. Kaa chini."

Akakaa. Wote wakakaa. Ndivyo mikutano ilivyo, mtu anakaa kwanza, anajuta baadaye.

Siku ya kwanza wakajadili kama lengo lianze na neno "kwa kuwa" au neno "kwa vile". Kutoka shimoni ikasikika: "Mee! Mee! Mee!" Mwenyekiti akasema, "Naomba utulivu huko shimoni!"

Siku ya pili wakajadili kama lengo liwe moja au yawe matano. Kutoka shimoni ikasikika: "Mee! Mee!" Mwenyekiti akasema, "Naomba utulivu huko shimoni!"

Siku ya tatu wakasomewa yote ya siku ya kwanza na ya pili. Kutoka shimoni ikasikika "mee" moja tu, ndogo. Mwenyekiti akalamba midomo.

Sasa, kila mapumziko, Sange alikuwa akiteremka shimoni kupitia kitundu chake, majani mdomoni. Siku hiyo ya tatu akamwambia mtoto, "Kula yote."

"Nimechoka, mjomba."

"Sote tumechoka. Kula. Leo kitu kikubwa kitaanguka humu. Usitazame meno yake. Tazama mgongo wake. Umenielewa?"

"Nitazame mgongo."

"Halafu uruke."

Akarudi mkutanoni. Fisi alikuwa amesimama kidogo, mguu mmoja bado juu ya kamba, anasoma: "Kila mnyama aliyeokolewa atakabidhiwa kwa Mwenyekiti, kwa uangalizi." Mate yakamdondoka, do, do, do. Wanyama wakatazama chini. Ngiri alikuwa amelala akiwa amekaa. Hakuna aliyepinga, siku tatu zilikuwa zimewamaliza.

"Naunga mkono!" Sange akasema.

Mama Digidigi akamgeukia. Moyo ulimkatika kabisa.

"Ila nina wasiwasi, Mheshimiwa," Sange akaendelea. "Toka shimoni mpaka kwenye kiti chako ni mwendo, na wabebaji wana njaa. Mnyama anaweza kukufikia paja moja halipo."

"Paja!" Fisi akashtuka.

"Ndiyo maana naomba tuongeze: atakabidhiwa humo humo shimoni, kwa Mwenyekiti aliyeshuka mwenyewe kumpokea."

"Akiwa mzima?"

"Na kwato zake."

"Imepita!" Fisi akapiga kelele. "Makofi!"

Pa. Pa. Pa. Makofi ya watu waliochoka.

"Linaanza kutumika lini, Mheshimiwa?"

"Sasa hivi!" Fisi akaiacha kamba, akakimbia, ti-ti-ti-ti, akajitupa. Puu!

Mtoto hakutazama meno. Tip! juu ya kichwa. Tap! juu ya mgongo. Huyooo, nje! Mama yake akamlamba uso, masikio, mpaka kwato, akalia mbele ya wote bila kujificha. Mimi pia ningelia.

"Nitoeni!" Fisi akaita kutoka chini.

Sange akachungulia. "Tatizo, Mheshimiwa. Tukikutoa, utakuwa umeokolewa. Aliyeokolewa anakabidhiwa kwa Mwenyekiti, humo shimoni. Itabidi tukutoe, halafu tukurudishe."

"Badilisheni lengo!"

"Mkutano unafunguliwa na Mwenyekiti akiwa kitini. Kiti kiko huku."

Wanyama wakaenda kulala.

Siku ya kwanza Fisi akalia, "Uuu-wi! Uuu-wi! Uuu-wi!" Siku ya pili akalia, "Uuu-wi! Uuu-wi!" Sange akampelekea majani, yale yale. Fisi akayatema. Siku ya tatu ikasikika "wi" moja tu, ndogo.

Mama Digidigi akanyanyuka. Akaifunga kamba kwenye mti, akashusha ncha. Wenzake wakaja mmoja mmoja, hakuna aliyeitwa. He-eya! He-eya! Fisi akapanda, amelegea mpaka taya.

"Mnanitoa kwa lengo lipi?" akauliza akiwa katikati ya shimo. Hata hapo!

"Mimi sina lengo," akasema Mama Digidigi. "Nina kamba. Na sauti hiyo nimeisikia siku tatu, sitaki kuisikia tena. Panda, uende zako."

Fisi akatoka, akaenda zake bila asante. Njiani walimsikia akinung'unika kwamba utaratibu haukufuatwa. Gome la lengo jipya Sange alilihifadhi mahali salama, juu ya kichuguu. Mchwa wakalitunza wanavyojua wao.

Basi, funzo ni hili, lishikeni: mwenzako akitumbukia shimoni, kwanza itisha mkutano. Kaa chini ukiambiwa ukae. Mheshimu Mwenyekiti, hasa akiwa ameikalia kamba.

Mmesikia?
— Tumesikia!
Mtafanya hivyo?
— Hatufanyi!
Hadithi nimeitua.
— Tumeipokea!
Haya, nipisheni nikalale. Kesho nina mkutano.