Ufunguo Kwenye Jino la Ngiri

Hapo zamani za kale, wanangu, enzi ambazo ngiri walikuwa bado wanacheza bao na kushinda, alikuwapo Bwana Ngiri, mwenye kifua kipana, sauti nzito na meno mawili yaliyopinda kwenda juu. Mkewe alikuwa Bi Nguchiro, mdogo, mwembamba, mwenye miguu isiyotulia. Msiniulize ngiri alimwoaje nguchiro. Harusini sikualikwa, na waliokula pilau hawakunihadithia.

Walikuwa na watoto watano, na kitinda mimba wao aliitwa Kidawa. Nyuma ya nyumba yao palikuwa na ghala lililojaa mtama mpaka juu. Ghala lilikuwa na kufuli, na ufunguo wa kufuli ulining'inia kwenye jino la kushoto la Bwana Ngiri. Akila, unagonga sahani: ngli, ngli. Akilala, unalala naye.

Mwaka ule kiangazi kilirefuka, mboga zikakauka shambani. Kila asubuhi Bwana Ngiri alipima kibaba kimoja cha mtama kwa watu saba, akafunga ghala, akaenda zake kucheza bao barazani kwa Mzee Nyati. Watoto wakubwa walichimbachimba mizizi wakapata cha kutafuna. Kidawa hakuweza. Nywele zake zikageuka nyekundu, miguu ikavimba, na akaacha kucheza.

Bi Nguchiro akatuma kumwita mkunga, Bi Kobe. Na Bi Kobe mnamjua: akaitwa Jumatatu, akafika Jumatano. Akamtazama mtoto macho, akamminya mguu, alama ya kidole ikabaki.

"Mwanangu," akasema Bi Kobe, "huyu hana jini wala kijicho. Ana njaa. Mpe uji mzito asubuhi, mchana na jioni. Usipompa, mwezi ujao ukiandama hutakuwa naye."

Jioni mumewe aliporudi nyumbani, Bi Nguchiro akamkimbilia.

"Baba Kidawa, naomba ufunguo. Mtoto anataka uji."

"Mtama ule ni wa pombe," akasema Bwana Ngiri. "Wakubwa wote wanakuja kwangu mwezi ujao. Nyati anakuja. Kiboko anakuja. Niwape nini, maji?"

"Mtoto anakwisha, bwana."

"Watoto hukonda, kisha hunenepa. Nyumba hii anaamua nani?"

"Wewe."

"Basi usiniamulie! Jambo lolote la nyumba hii, dogo au kubwa, lisifanyike bila idhini yangu."

"Lolote?"

"Lolote!" Ufunguo ukalia: ngli!

Bi Nguchiro akapiga goti. "Nimesikia, bwana."

Alikuwa na hasira ya kuumiza kifua. Lakini hasira ya nguchiro haimwangushi ngiri, na yeye alilijua hilo. Akakaa jikoni, akatazama kuni, akafikiri.

Kesho yake asubuhi alimbeba Kidawa akampeleka kwa Bi Kobe, na wale watoto wakubwa akawaambia wacheze huko huko. Kisha akarudi, akabandika chungu cha kunde.

Barazani, Bwana Ngiri alikuwa akicheza na Kiboko, na Mzee Nyati akitazama. Ngiri alikuwa anashinda. Kete zake zilijaa upande wake, na ameshaanza kujisifu.

Mara, pu pu pu! Bi Nguchiro huyo.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba."

"Bwana, nimekuja kuomba idhini. Kunde nizitie chumvi?"

Bwana Ngiri akavimba kwa fahari. "Tia."

"Lahaula!" akasema Kiboko. "Huyo ndiye mke! Wangu mimi hata nikimwita haitiki."

Bi Nguchiro akaondoka mbio. Hata kete tatu hazijashuka, pu pu pu!

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba."

"Bwana, kiasi gani?"

"Kiasi gani cha nini?"

"Cha chumvi."

"Kidogo."

"Kidogo cha vidole viwili au cha vidole vitatu?"

"Vi... vitatu!" Bwana Ngiri akapotewa na hesabu ya kete. Kiboko akala kete nne, taratibu, bila kusema neno.

Pu pu pu!

"Shikamooni, wazee. Bwana, kuku ameingia ndani. Nimfukuze?"

"Mfukuze!"

"Kwa mlango wa mbele au wa nyuma?"

"Wa nyuma!"

Pu pu pu!

"Shikamooni, wazee. Bwana, kuku amekataa mlango wa nyuma, anataka wa mbele. Nimkubalie?"

Mzee Nyati akacheka mpaka machozi. Bwana Ngiri hakucheka. Jasho lilikuwa linamtoka masikioni, na kete zake zimebaki za kuhesabika.

Pu pu pu! Safari hii Bi Nguchiro alifika ameshika koo, macho yamemtoka.

"Shika... mooni... Bwana... nimepaliwa na mate. Nikohoe?"

"Ngiri!" akafoka Mzee Nyati. "Mwambie akohoe, mama wa watu asije akafa barazani kwangu!"

"Kohoa!"

Akakohoa, akashukuru, akaenda.

Jua likafika utosini. Kiboko alikuwa akiinua mkono kumaliza mchezo pale Mzee Nyati aliponusa hewa. "Ngiri, ule si moshi wa kwako?"

Ulikuwa wa kwake. Moshi mweusi, mnene, unafuka kutoka paa la jiko. Na chini ya moshi, Bi Nguchiro anakuja, lakini hakimbii. Anatembea kwa adabu zake zote.

"Shikamooni, wazee."

"Marahaba, marahaba! Sema!"

"Bwana, kunde ziliiva, sikuwa na idhini ya kuipua. Zikaungua. Sasa kuna moshi. Nizime?"

"ZIMA!"

"Kwa maji ya mtungi wa kunywa, au ya mtungi wa kuogea?"

"Yoyote!"

"Mtungi nani aubebe, bwana? Mimi, au..."

"Amua mwenyewe!" Bwana Ngiri akapiga ukwato chini, kete zikaruka huku na huko. "Amua mwenyewe! Mambo yote ya nyumba ile amua mwenyewe, usiniulize tena!"

"Yote?"

"Yote!"

"Na ghala?"

"Na ghala!"

"Ufunguo uko kwenye jino lako, bwana."

Bwana Ngiri akauvuta, nusura ang'oe na jino. Akautupa: chwaa! Haujafika chini, Bi Nguchiro ameshaudaka. Na miguu yake sasa ikaonyesha kazi yake. Vuup! Hayupo.

Wakubwa watatu wakamfuata mbio, ardhi ikitetemeka. Walipofika wakakuta jiko ni zima, na paa ni zima. Mafigani palikuwa na chungu kilichoungua na lundo la majani mabichi yanayofuka moshi. Ghala lilikuwa wazi. Bi Nguchiro alikuwa akijaza ungo mtama.

"Umenidanganya!" akanguruma Bwana Ngiri. "Hakuna moto!"

"Sikusema moto, bwana. Nilisema moshi."

"Nipe ufunguo wangu!"

Mzee Nyati akakohoa. Wakubwa wa kule walikuwa na sheria moja tu waliyoiheshimu kweli, nayo ni ya bao. "Ngiri," akasema, "kete ikishashuka hairudi mkononi. Na neno hili umelishusha barazani kwangu, mbele ya mashahidi wawili. Au tuseme ngiri hucheza akirudisha?"

Kiboko akaitikia kwa kichwa. Siku hiyo alikuwa anashinda bao, angeitikia chochote.

Bwana Ngiri akatazama huku na huku, akaona haya.

Jioni ile Kidawa alikunywa uji vijiko vitano. Kesho yake, bakuli. Mwezi ulipoandama hakuwa amekufa. Alikuwa juu ya ukuta wa jirani, anaiba mapapai, na mama yake anamkaripia kwa furaha.

Pombe haikupikwa mwezi ule. Lakini mvua zikarudi, mtama mpya ukavunwa, na siku moja adhuhuri Bwana Ngiri akaja mlangoni mwa jiko. Akasimama, akakuna shavu.

"Mama Kidawa, naomba vibaba viwili vya mtama. Nipike pombe kidogo, niwakaribishe wenzangu."

"Vipo," akasema Bi Nguchiro. Akashika ufunguo, lakini hakufungua ghala. "Watoto wameshakula?"

Miaka yote aliyokuwa akiamua Bwana Ngiri, hilo hakuwahi kulijua. Ikabidi atoke nje, akawaulize mmoja mmoja.

Basi, wanangu, ufunguo wa ghala ashike yule anayejua nani hajala. Mimi nimesema hivyo, na asiyetaka aende akamuulize Kiboko.