Kwa Nini Maporomoko ya Ngasu Husikika Pande Mbili

Karibuni, kaeni kwenye nyasi, zimeshakauka. Msione haya kwa kupotea. Bustani yetu ni ndogo, mtu anamaliza kuizunguka kabla chai yake haijapoa, lakini kila mgeni anayefuata sauti ya maji hutokea kwenye vitalu vya miche, au nyuma ya vyoo, akasimama pale akijiuliza amekosea wapi. Nimeichunga bustani hii miaka ishirini na sita, na hata mimi ukungu ukishuka hugeuza kichwa huku na huku. Hamkukosea. Maporomoko haya yalizaliwa siku ambayo hakuna aliyejua yuko wapi, nami nitawaeleza kama nilivyoelezwa na shangazi yangu.

Zamani, kabla ya mji huu na kabla ya barabara ya kupandia milimani, Mto Ngasu haukuwa na sauti. Ulipita hapa mpana na mzito katikati ya matete, ukateleza kando ya mwamba huu bila kuugusa. Aliyekuja kuchota maji alijua amefika kwa kulowa miguu. Watu hawakuona ubaya wowote. Macho yaliwatosha.

Kule juu ya mteremko aliishi mwanamke aitwaye Nakunda, pamoja na mumewe Senkondo na mama yake mzazi, Naetwe. Huyu Naetwe alizaliwa ng'ambo ya mto, akaolewa huku, akazeekea huku, na sasa alikuwa ameanza kusahau. Kwanza alisahau alipoweka ungo. Baadaye akawa anakula makande na kuuliza, bakuli likiwa bado mkononi, mbona leo hajapikiwa. Mwishowe akawa anamwita Nakunda kwa jina la dada yake mwenyewe, aliyekufa miaka mingi nyuma. Mara nyingine Nakunda alimsahihisha, mara nyingine alinyamaza, na siku nyingine aliitikia jina hilo la marehemu, halafu akabaki jikoni hajui kama amemtendea mama yake wema au amemdanganya.

Zaidi ya yote, Naetwe alitaka kwenda nyumbani. Aliambiwa yuko nyumbani. Alikubali kwa adabu, akashukuru, kisha akauliza wataondoka lini.

Mwaka huo ukungu ulishuka ukakaa siku tatu. Ulikuwa mzito hata mtu akinyoosha mkono haoni vidole. Jirani mmoja alikamua mbuzi asiye wake. Mwingine aliingia nyumba ya shemeji yake, akaketi, akaanza kulalamika kwamba kuna aliyehamisha kitanda. Senkondo alikuwa amevuka kwenda kuchunga mbuzi, naye akakwama ng'ambo, asithubutu kurudi.

Asubuhi ya siku ya tatu Nakunda alitoka kuchukua kuni nyuma ya nyumba. Aliporudi alikuta kigoda cha mama yake kitupu na mlango wazi. Hakuhitaji kufikiri mama amekwenda wapi.

Alishuka mteremko akiita. Mama yake aliitika, tena kwa sauti tulivu kabisa, "Niko hapa." Nakunda akaifuata sauti, akagonga mgomba. Akaita tena. "Niko hapa," ikajibu sauti, safari hii nyuma yake. Akageuka, akaenda, na sauti ikatokea kulia, kisha chini, kisha mahali ambapo yeye mwenyewe alikuwa ametoka. Ukungu uliibeba sauti ukaitua popote. Hatimaye Nakunda naye hakujua nyumba iko upande gani, wala kama anashuka au anapanda. Shangazi alikuwa akisema kwamba wakati huo Nakunda alilia, si kwa huzuni tu, bali kwa sababu alionja kwa mara ya kwanza jinsi siku za mama yake zilivyokuwa.

Ndipo mguu wake ukaingia majini hadi gotini. Alikuwa amefika mtoni bila kujua. Aliruka nyuma, akateleza, na kisigino chake kikasukuma jiwe kubwa likatumbukia. Mara maji yakaanza kubwabwaja yakilizunguka lile jiwe. Kilikuwa kisauti kidogo, lakini kilikaa mahali pamoja, hakikuhama kama sauti za watu.

Nakunda akaelewa. Akaokota jiwe jingine, akalitupa, na jingine tena. Akamwita mumewe kwa nguvu zake zote, na Senkondo akaitika kutoka ng'ambo.

"Tupa mawe mtoni," akamwambia.

Kisha Senkondo akauliza polepole, "Na wewe tena, Nakunda?" Alidhani ugonjwa wa mama umemwingia binti.

"Mama yuko huku nje. Haoni mto. Nataka ausikie."

Senkondo hakuuliza tena. Nakunda akasikia mawe yakianguka upande wa pili. Majirani waliosikia kelele walishuka wakipapasa, wengine wakidhani kuna ugomvi, wengine wakidhani kuna harusi. Kila aliyefika alipewa jiwe mkononi na kuambiwa alitupe mbele, naye akalitupa bila kujua ni la nini. Wengine waliishia ng'ambo na hawakujua walivukaje. Walifanya kazi hivyo tangu asubuhi hadi mchana, wakijenga kuta mbili wasizoziona, na kwa kuwa hakuna aliyeona katikati, kuta hizo hazikukutana. Ule wa Nakunda ulielekea juu, ule wa Senkondo ukaelekea chini, zikapishana. Maji yakazuiwa, yakavimba, yakapanda mwamba huu mnaouona, yakaanguka mahali pawili kwa wakati mmoja, poromoko moja likitazama mashariki na jingine magharibi.

Wote waliacha kutupa mawe. Walikuwa hawajawahi kuusikia mto wao.

Alasiri ukungu ulipopungua, walimkuta Naetwe ameketi ukingoni, mguu mmoja ndani ya maji, ngozi yake ya kujitanda imekunjwa vizuri mapajani. Nakunda alimfikia, akapiga magoti. Ni Senkondo aliyemuuliza kutoka ng'ambo kwa nini hakuendelea na safari.

"Nilisikia watu wengi wanazungumza," Naetwe akasema. "Nikaona si adabu kupita katikati yao. Nikakaa nisubiri wamalize." Kisha akamtazama binti yake usoni kwa muda. "Na wewe ni nani, mwanangu?"

"Mimi ni Nakunda, mama. Binti yako."

"Aa," akasema Naetwe, akampisha ili akae. "Wamemaliza?"

Nakunda akasikiliza maji. "Bado."

"Basi tusubiri."

Wakakaa. Tangu hapo Nakunda alimleta mama yake hapa kila alipotaka kwenda nyumbani, na kila walipofika Naetwe aliuliza yuko na nani, na kila mara Nakunda alijibu kana kwamba ni swali jipya. Naetwe aliishi miaka minne zaidi. Hakuvuka mto tena.

Na kuanzia siku ile ya ukungu hadi leo mnaponisikiliza, Mto Ngasu huongea kwa pande mbili, na anayeufuata kwa masikio hupotea kwanza kabla hajafika. Sisi wa hapa hatupiti tukaenda zetu. Tukifika tunakaa, na kila mmoja humtajia aliyekuja naye jina lake na la mama yake, hata kama wamefahamiana tangu utotoni. Njooni Jumapili mtawaona wazee waliooana miaka arobaini, wameketi kwenye mwamba ule bega kwa bega, wakijitambulisha.