Ukoko wa Mize

Sogeeni, wanangu, na anayesinzia akae mbele nimwone!

Mize ndiye aliyepika karamu zote za mji, lakini upawa wa shaba, heshima ya mpishi mkuu, ulipakatwa na Bi Kazija, kwa kuwa ni dada wa jumbe. Moyo wa Mize haukutulia. Alipanga kuni akapangua, akafunika chungu akafunua. Siku moja ya karamu, akiukodolea macho ule upawa, wali ukashika chini.

Kabla hajaepua, Zimwi likaingia, lile linalomla mpishi likichukizwa. Likatia mkono chunguni.

"Nani kapika wali huu mtamu?"

"Mimi," akasema Bi Kazija. Zimwi likamvika bangili.

"Nani kautia iliki?"

"Mimi." Likamvika ya pili.

Likafika chini. "Na ukoko huu, nani kauunguza?"

"Mize!"

Mize akasimama. "Ni mimi, bwana. Macho yangu yalikuwa kwenye upawa wa mwenzangu, si kwenye moto."

Zimwi likacheka mpaka makuti ya paa yakapeperuka. "Chungu ni kimoja! Aliyeunguza chini ndiye aliyepika juu."

Bangili zikamchomoka Bi Kazija zenyewe, zikamwingia Mize. Upawa nao ukaruka, ukatua mkononi mwake. Zimwi likapanua kinywa. "Huyu mwongo nimle?"

"Mwache," akasema Mize. "Chungu hakijasuguliwa."

Basi jioni mkisikia kwaru, kwaru, kwa mbali, msiogope. Ni Bi Kazija. Ukoko bado haujabanduka.