Binti Aliyeitwa Usi

Mtu mmoja alikuwa na binti, na alikuwa na shimo. Shimo lilikuwa nyuma ya nyumba, mahali alipochimba udongo wa kufyatulia matofali, na ndilo lililomlisha. Kila mwaka lilizidi kwenda chini, na kila masika lilijaa maji mekundu, mazito, yasiyoonyesha kina. Kulifukia hakuweza, maana angekula nini? Binti naye aliitwa Tupokigwe, Tupo kwa kifupi, na alikuwa mtoto ambaye miguu ilitangulia, akili ikafuata nyuma ikihema.

Nisikilizeni vizuri hapa, kwa kuwa wengi wenu mnamjua mtoto huyu. Ukimtuma chumvi, anarudi na kifaranga. Ukimkalisha ale, kijiko kiko chini, uji umemwagika, mwenyewe yuko dirishani. Mwalimu alimchoka. Kanisani akina mama walibetua midomo wakasema huyo hakufunzwa kwao. Madaktari wana jina la hali ya watoto wa namna hii, nao watawaambia kwamba si laana wala si jeuri. Lakini baba yake, Ambakisye, hakujua jina lolote. Mkewe alikwisha kufariki, mtoto ndiye aliyembakia, na alichokijua yeye ni shimo tu.

Kila siku alimwona mawazoni amekufa. Akiwa ameinama anajaza udongo kwenye kalibu ya matofali, alisikia kishindo cha maji, akageuka roho juu, kumbe ni chura. Kimya ndicho kilichomtesa zaidi. Kukiwa kimya alitupa kila kitu akakimbia, akamkuta mtoto amechuchumaa anawajengea siafu daraja, akamfokea mpaka sauti ikakauka. Watu walimwona mkali. Jamani, mtu yule alikuwa anaogopa.

Hofu ile ilimfundisha namna moja tu ya kusema. Usikimbie! Usiguse! Usipande hapo! Usisogee shimoni! Tangu alfajiri mpaka mtoto alale, kutoka mbali, mgongo umeinama, macho hayajanyanyuka kwenye tope. Watoto wa jirani walilisikia neno hilo hata wakampa binti jina, wakamwita Usi. Na hili ndilo linaloniuma kulisema: walipomwita Usi, aliitika abee.

Fimbo nayo ilipita. Tupo alilia kweli, akaomba radhi kweli, akaahidi kweli, na machozi hayajakauka mashavuni amekwisha chomoka tena. Ambakisye akaamini kwamba anadharauliwa. Mwishowe alichukua kamba akamfunga kwenye nguzo ya banda la kukaushia matofali, akarudi kazini. Mtoto akalihangaikia fundo mpaka likalegea, akatoka mbio na kamba inaburuzika nyuma yake. Ilinasa kwenye kisiki kilichokuwa ukingoni mwa shimo, ikamwangusha kifudifudi, mkono mmoja ukaning'inia juu ya maji. Baba akamvuta. Alikaa kwenye tope akiitazama ile kamba, akaiogopa mikono yake mwenyewe, maana ndiyo iliyofunga.

Wiki ile Sekela, dada yake Ambakisye, alikuja kuwatembelea. Naye alikuwa amelea mtoto wa namna hiyo, akalia naye, akakosea naye, akaja kujifunza kwa taabu. Alishona mkeka wake huku anatazama. Mchana mmoja Ambakisye akapaza sauti kutoka kwenye udongo, "Usikimbie!" na Tupo, aliyekuwa amesimama akimtazama ndege, akaruka akatimua mbio kuelekea shimoni. Baba akachukua ufito. Sekela alikuwa ameshamdaka mtoto. Akachuchumaa mpaka nyuso zao zikalingana, akamuuliza kwa upole baba amesema nini. Mtoto akashangaa kuulizwa.

"Baba kasema nikimbie."

Ambakisye alitafuta ujanja katika uso ule, hakuuona. Akaushusha ufito. Masikio ya mtoto yalikuwa kwa ndege. Mwanzo wa neno ulipita yakiwa bado huko, yakafika yakakuta mkia wake tu, kimbie, na mtoto akautii mkia. Je, ni mara ngapi alikuwa amempiga kwa kutii? Ndipo likamjia lile la kutisha kuliko yote. Kila siku alikuwa amesema usisogee shimoni, na kila siku, kwa sauti yake ya baba, mtoto alikuwa amesikia asogee shimoni.

Sekela hakumbembeleza kaka yake, wala hakumsuta. Alimwambia amfuate mtoto alipo, aache kumpigia kelele kutoka mbali. Amwite jina, amguse bega, angoje macho yafike. Aseme jambo moja tu, tena jambo la kufanya. Mtoto akilifanya, amshukuru papo hapo, asisubiri jioni. Na kwa kuwa miguu ile lazima iende, aipe pa kwenda: mtoto abebe nyasi za kufunikia matofali mabichi, aende nazo, arudi, aende tena. Kamba waliitia motoni.

Msidhani mambo yalinyooka. Ulimi uliozoea haugeuki kwa wiki moja. Kuna siku Ambakisye alifoka kama zamani, akajutia, akafoka tena. Kuna siku alifanya yote sawasawa na mtoto akachomoka hivyohivyo. Mtoto hakupona, kwa sababu hakuwa mgonjwa wa kuponywa na maneno. Ila polepole alianza kugeuka aitwapo, na baba alianza kumwona mtoto pale alipozoea kuona shimo.

Kisha mvua ilinyesha kwa siku nyingi. Sekela alikuwa ameshaondoka. Ambakisye alikuwa anaweka mabati juu ya tanuri la kuchomea matofali, Tupo anamletea nyasi. Akageuka, nyasi zipo chini, mtoto hayupo. Alimwona ng'ambo ya shimo, ukingoni kabisa, ameinama kufikia kitita kingine cha nyasi kilichomponyoka kikaangukia majini. Maji yalikuwa yameula ukingo kwa chini, na nyuma ya visigino vyake ardhi ilikuwa imefanya ufa, unaonekana wazi. Kati yao ni maji matupu. Bega la kugusa lilikuwa mbali.

Neno lile la zamani lilimpanda kooni, likajaza kinywa chote: usisogee, usiinamie, usianguke. Naye alijua ni kipande gani cha neno hilo kingefika ng'ambo. Akaling'ata. Akamwita kwa jina, mara moja, kisha akafanya jambo gumu kuliko yote aliyowahi kufanya: akangoja. Mtoto akainua macho. Baba akamwambia, kwa sauti aliyoilazimisha iwe tulivu, akae chini. Akakaa. Akamwambia ajivute nyuma kwa makalio mpaka kwenye majani. Tupo akajivuta, polepole, akiudhika kwa tope, akavuka ufa.

Ukingo ukaporomoka. Haukutoa hata kishindo kikubwa. Maji yaliumeza, yakatikisika kidogo, yakatulia.

Ambakisye alizunguka mbio akianguka na kuinuka, akamkumbatia, na hasira yote ya hofu ikamjaa kifuani ikitaka kutoka. Alichosema ni asante mwanangu, umekaa nilipokwambia ukae. Akarudia hivyo akilia. Mtoto alimfuta baba tope usoni, akauliza kama kitita kitaelea tena.

Naye Ambakisye bado anachimba, na masika yakija bado anaogopa. Basi nawauliza ninyi ambao vinywa vyenu vimechoka kwa kukataza: huyo mtoto wenu, tangu kulipokucha leo, ni nani amemwambia afanye nini, badala ya asifanye nini?